Debe la Visheti na Ndege ya Jitegemee

Shirika lile la ndege lilikuwa na jina lake la Kizungu, limeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu ubavuni, lakini sisi wa Ghulail, mtaa wa wageni mjini Jeddah, hatukuwahi kulitaja. Tuliliita Jitegemee. Ukipanda ndege yao hupewi chakula, hupewi blanketi, hupewi hata maji ya kumezea dawa. Kila kitu ujibebee mwenyewe, au ununue humo humo kwa bei ya kukutoa machozi. Zamani kazi yao ilikuwa kuleta mahujaji msimu wa Hija, na miezi mingine kubeba wafanyakazi wa mikataba waliokuwa wakimiminika Saudia kwa ajili ya neema ya mafuta. Viti vilikaribiana hata ukipiga chafya, aliye mbele yako anajifuta kisogo.

Mimi wakati huo nilikuwa dereva wa lori. Napakia bandarini Jeddah, nashusha Riyadh kwenye maghala ya Al-Sulay. Mzigo wangu mkubwa ulikuwa vyombo vya msalani: masinki, mabafu, vyoo vya kukalia vya rangi ya waridi. Miaka ile Riyadh kila mtu anajenga, na kila anayejenga anataka bafu kubwa kuliko la jirani yake. Nimebeba mabafu mimi, jamani, ya kutosha kuogesha nchi nzima. Mama alikuwa akikaa Ghulail, nyumba ile ile ya vyumba viwili tuliyofikia tulipotoka Unguja baada ya mapinduzi. Marehemu baba alitutoka tukiwa humo humo. Kila nikimaliza safari nilirudi kwa mama.

Siku moja napita mbele ya ofisi ya tiketi, naona wamebandika picha kioo kizima: ndege ya Jitegemee juu ya bahari, mkia huku kwetu, pua kule kwenye majumba marefu ya Amerika. Wameanza kuvuka Atlantiki! Nikasimama kuitazama mpaka mwenye ofisi akatoka kuniuliza kama nataka tiketi au nataka kivuli. Akanieleza utaratibu wenyewe. Jeddah mpaka London unakata tiketi kama kawaida. Lakini London kwenda New York hakuna kuweka nafasi. Unafika, unapanga foleni, dirisha linafunguliwa, aliyetangulia anapata. Viti vikiisha, halas, rudi kesho. Ndiyo sababu ilikuwa rahisi hata dereva wa lori aliweza kufikiria kumpandisha mama yake.

Habari nikaipeleka barazani, na Ghulail haikukosa wataalamu. Mmoja akasema ndege ya bei ya kutupa haiwezi kuwa na mafuta ya kuvuka bahari ile. Watafika katikati wawaambie abiria wachange. Mwingine akasema kuchanga si tabu, si sisi ndio tunaolalia mafuta? Kila abiria aende na galoni lake mapajani. Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Mama hakucheka. Alikuwa nyuma ya mlango anasikiliza, kama kawaida yake, na nilipoingia ndani nilimkuta kasimama.

"Hiyo ndege inafika kwa dada yako?"

Dada yangu alikuwa ameolewa na kijana wa kwetu aliyekuwa akisomea uhandisi Amerika, mji mmoja wa baridi si mbali na New York. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, imekwishakuwa kubwa. Kule hana shangazi, hana somo wa kumfunda, hana jirani wa kumchemshia hata maji. Mumewe ni mtu mwema, lakini akiona damu ya kuku anatafuta pa kukaa.

"Inafika karibu yake," nikamwambia.

"Basi nipeleke." Akaketi kitandani. "Mdogo wenu mimi nimemzaa humu chumbani, hata mizigo hatujafungua. Nilimwita mama yangu mpaka sauti ikakauka, na mama yangu yuko Unguja. Dada yako mtoto, kasimama pale na kopo la maji, ananitazama. Mpaka leo nayaona yale macho. Yule hatazaa peke yake, baba. Nitafutie hiyo ndege yenu ya wachovu."

Nikaanza kutafuta. Sitaki kuzikumbuka karatasi za safari ile! Ruhusa ya kutoka nchini, ruhusa ya kurudi, viza ya Amerika, kafili wangu, yule mdhamini wa kibali changu, leo yupo kesho kaenda shambani kwake na muhuri mfukoni. Soli za viatu ziliisha. Mpaka karatasi zote zinakamilika, dada alikuwa amekaribia mno, daktari wake anasema wakati wowote wiki ile. Siku moja tu ikipotea njiani, mama angefika kumpa hongera, basi, na si hongera iliyokuwa ikimpeleka.

Kwa hiyo nikapanga. Mimi nikipanga jambo nalipanga, asikudanganye mtu. Pale ghalani Al-Sulay kulikuwa na karani Mkenya, Mkristo wa Nairobi, mwembamba, maneno mengi, moyo mweupe. Binamu yake alikuwa akifanya kazi kwenye treni London. Nikamweleza tatizo langu tukiwa tunahesabu masinki.

"Usiwe na wasi, buda," akaniambia. "Binamu ataamka asubuhi na mapema amshikie mathe laini. Mathe akishuka tu, anaingia mahali pake, anakata tiketi, ameenda. Hiyo imeisha."

Binamu alikuwa na siku moja ya mapumziko, na siku ile ndiyo mama angefika. Nikalala usingizi wa mtu aliyeshinda.

Mama naye alikuwa na mipango yake. Alikuwa akiwakaangia vitafunio matajiri wa Al-Hamra siku za sherehe, na madamu mmoja wa huko alimpa koti lake la Ulaya, zito, refu, lina manyoya kwenye kola. Mama akalijaribu mchana, Jeddah, katikati ya joto, akazunguka nalo nyumba nzima akiangalia kama linamkaa. Akapika chakula cha njia kapu tele: sambusa, chapati, mayai ya kuchemsha, kuku wa kukaanga. Kisha akakaanga visheti. Dada alipoulizwa anataka aletewe nini, hakutaja dhahabu wala nguo, alitaja visheti vya mama. Mama akavichovya sukari, akavijaza debe la samli mpaka juu, akalifunga kwa kitambaa na kamba. Pilipili manga na habasoda za uji wa uzazi akazifungia kwenye leso, akazitia kifuani.

Nilipoona lile kapu nikajua lazima tuzungumze.

"Mama, nisikilize vizuri. Humo ndegeni kila mtu anakula chake. Usimkaribishe mtu."

"Nisimkaribishe?"

"Usimkaribishe."

"Yaani nile, na binadamu mwenzangu kakaa ubavuni ananitazama, nisiseme karibu? Mimi paka?"

Sasa hapa msomaji wa kwetu anaelewa. Sisi hatutii tonge kinywani mbele ya mtu kabla ya kumwambia karibu. Na yule mtu anajua la kujibu: starehe. Ukishajibiwa starehe, unakula kwa raha zako, na yeye anaendelea na yake. Haji. Ni heshima tu, inakwenda inarudi, chakula kinabaki pale pale. Nimekua nikiona mama akiwakaribisha wapita njia barabara nzima, na sijaona hata mmoja akanawa mikono.

"Wazungu hawajui starehe, mama. Mzungu ukimkaribisha anakuja."

"Akija si ndiyo nimemkaribisha?"

 Kubishana na mama yangu ni kazi ya watu wasio na kazi.

Siku ya safari nikampeleka uwanja wa ndege, ule wa zamani uliokuwa ndani ya mji, koti kalivaa, kapu mkono huu, debe mkono huu. Tukafika mapema kama nilivyopanga. Ndege haipo. Tukaambiwa inakuja. Asubuhi ikawa adhuhuri, adhuhuri ikawa alasiri, dirisha la Jitegemee halijafunguliwa, na mtu wao pekee aliyekuwepo alikuwa kijana wa Kihindi aliyejifunza kusema pole kwa lugha zote. Kantini ya pale iliuza mpaka biskuti ya mwisho, ikafunga. Abiria wamekaa juu ya mizigo yao, watoto wanalia, na mimi natembea huku na huku nagombana na saa ya ukutani. Kila nikitazama naona binamu wa watu kasimama London kwenye foleni, anaangalia mlango.

Mama njaa ikamshika. Nikamwona anafungua kapu. Nikaharakisha, lakini nilikuwa mbali.

Akainua uso, akawatazama walioketi karibu, akasema kwa Kiarabu cha Hijazi, mkono umeuonyesha kapu, "Tafadhalini, karibuni."

Kulikuwa na familia ya Kiyemeni. Baba wa familia akaweka mkono kifuani, akamshukuru, akamwombea. Safi kabisa, mtu wa adabu. Lakini upande wa pili kulikuwa na Mmarekani mmoja wa visima vya mafuta, mtu wa mwili, kofia pana. Yule akavua kofia. Akauliza kwa mikono kama ni yeye anayeambiwa. Mama akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Basi akaja! Akakaa chini, akakunja miguu, akachukua sambusa. Nyuma yake wakaja wauguzi wawili wa Kiingereza waliokuwa wanatoka kazini Riyadh wanakwenda likizo kwao. Walipoona sambusa zinavyokwenda, watoto wa Kiyemeni nao wakatoroka kwa baba yao wakaja, na baba yao naye akaona haya kukaa peke yake.

Mama akanitazama. Kwa muda mdogo niliona kabisa kwamba kashtuka. Hakuwahi maishani kukutana na watu wasiojibu starehe. Lakini ni yeye aliyekaribisha, na neno limeshatoka. Akakunja mikono ya koti, akaanza kugawa kuku.

Kapu likaisha. Mimi najiambia, haidhuru, atakula London. Mara namwona anafungua kamba ya debe.

"Mama! Visheti vya mzazi!"

"Usinipigie kelele mbele ya wageni."

"Wageni gani? Hawa ni abiria!"

"Wamekula pilipili, unataka wakae na pilipili mdomoni? Tamu yake iko wapi?"

Mzungu mmoja mmoja, mtoto mmoja mmoja, kisheti kimoja, viwili, vitatu. Yule Mmarekani alikula macho kafumba. Yule kijana wa Kihindi wa Jitegemee naye akaitwa, akala, akasema pole kwa Kiswahili, sijui nani alimfundisha. Debe likabaki na vumbi la sukari chini. Nilikuwa na hasira hata masikio yangu yakapata moto. Dada yangu kaomba kitu kimoja duniani, na kitu chenyewe kinatafunwa na watu wa visima.

Ndege ilipokuja mchana ulikuwa umekwisha. Nikamwambia mama aniachie hilo debe tupu nirudi nalo.

"Debe zima hili? Nitalipata wapi jingine kule?" Akalitia mkononi, akajipanga na wauguzi wake, koti linaburura sakafuni. Hakugeuka nyuma. Alikuwa na woga, na mama akiwa na woga hageuki.

Nilirudi Riyadh na lori la mabafu na sikumbuki njia. Nilipoegesha tu Al-Sulay, karani akanijia, na mara ile hakuwa na maneno mengi.

"Buda, pole sana. Jamaa alisimama siku mzima. Ndege yenu haikuingia, na usiku alikuwa anaingia kazini, hangeweza kubaki. Sasa hata yeye hajui mathe yuko wapi."

Nikaketi juu ya boksi la sinki. Mama yangu, asiyejua neno la Kiingereza ila gudi na noo, yuko London hana wa kumpokea, hana chakula, hana nafasi kwenye foleni, ana debe tupu. Na dada yule wiki yake ndiyo hii. Nilimkasirikia kila mtu: Jitegemee, binamu, Wazungu na sambusa zao. Siku zile nilifunga mizigo vibaya, nikavunja vyoo viwili vya waridi, na bosi wetu, mzee wa Kisaudia tuliyemwita baba, akaniambia nikae kivulini kabla sijaivunja Riyadh nzima.

Nilikuwa uvunguni mwa lori nakaza springi niliposikia karani anakuja mbio.

"Simu! Amerika! Ni mathe!"

Nilijigonga kichwa, sikuhisi. Ofisini baba alikuwa kakaa na kahawa yake, simu kaiweka pembeni kama yai. Nikaishika.

"Mama!"

"Haloo!" Alikuwa akipiga kelele, kwa kuwa Amerika ni mbali. Sikio likanilia. "Nani huyo? Mwanangu? Assalaam aleikum!"

"Waaleikum salaam. Mama, umefika? Dada vipi? Kashazaa? Uliwahi?"

"Ngoja nikuhadithie tangu mwanzo."

"Mama, niambie kwanza kama uliwahi!"

"Tangu mwanzo, nimekwambia! Mambo yakihadithiwa kwa kurukwarukwa hayana baraka. Basi, tukapanda."

Nikamsikia shemeji nyuma yake anasema kwa sauti ya mtu anayeumwa, "Mama, simu hii inakwenda kwa dakika." Mama akamwambia anyamaze. Ofisini watu wakaanza kuingia, mmoja mmoja, na mabega yao ya vumbi: vijana wa Kiyemeni, fundi wa Kipakistani, karani kasimama kaniwekea sikio karibu. Mama anasikika mpaka uani. Karani akawa anawatafsiria wengine, kidogo Kiarabu kidogo mikono.

Wakashuka London asubuhi, akasema. Binamu hakumwona. Wauguzi wake wangeweza kwenda zao, ni kwao pale, lakini walimshika mkono mmoja huku mmoja huku mpaka kwenye foleni ya Jitegemee. "Foleni hiyo, mwanangu, ya watu waliolala pale pale chini, na magodoro, na magitaa! Nikadhani kuna msiba." Yule Mmarekani wa kofia alikuwa anaendelea na safari naye, wakasimama pamoja. Wauguzi wakambusu, wakaondoka. Foleni haisogei. Baridi inaingia mpaka ndani ya meno. Na yeye sala haijasaliwa.

"Nikafikiri, nitafanyaje? Nikitoka, nafasi yangu imekwenda. Ndipo nikakumbuka bombani."

Nikajua anachosema kabla hajamaliza. Tulipofika Ghulail maji yalikuwa ya bomba la mtaa, na wanawake walikuwa wakipanga madebe yao mstari, kila mtu anakwenda kupika, anakuja kusukuma debe lake. Debe likisimama pale, mwenyewe yupo. Hakuna aliyethubutu kulitoa la mwenzake, ila atake kuchaniwa buibui.

"Mama, usiniambie umeacha debe."

"Nimeliacha! Nimeliweka mbele ya miguu ya yule bwana wa visima, nikamwonyesha kidole, mimi, debe, mimi, debe. Nikaenda pembeni nikasali. Sasa nimo ndani ya sala, nasikia watu wanakimbia. Dirisha limefunguliwa! Nasikia mstari mzima unatembea. Na mimi siwezi kukata sala, naye Mungu ndiye ninayemwomba anifikishe."

 Baba kaacha finjani hewani.

"Nikatoa salamu, nikageuka. Pale nilipoliacha, debe hakuna."

"Wallahi?" akasema karani, kana kwamba ni Mwislamu.

"Hakuna! Roho ikanitoka. Nikatazama mbele, kule karibu na dirisha, naona kofia. Bwana wa visima anasukuma mfuko wake kwa mguu huu, na kwa mguu huu anasukuma debe langu. Hatua, mfuko. Hatua, debe. Nyuma yake yuko mama mmoja wa Kizungu amenuna, anauliza kitu, anaonyesha debe. Yule bwana kamjibu nini sijui, ila alilipiga debe kofi, pap! Kisha akafanya hivi na vidole mdomoni, kama mtu anayekula kitu kitamu. Yule mama akasogea nyuma. Basi na mimi nikapita watu wote wale, nikaingia nyuma ya debe langu, nikakata tiketi. Watu wachache baada yangu, dirisha likafungwa pwaa! Waliobaki wameambiwa kesho."

Fundi wa Kipakistani akapiga makofi kabla hajatafsiriwa.

"Kwa hiyo uliwahi!"

"Subiri. Ndegeni sasa. Jirani yangu kafungua mkate wake, kala wote, hajanitazama hata mara moja. Nikamwonea huruma, hajalelewa. Bwana wa visima akaninunulia boksi la chakula, nikaona nyama siijui ni ya nini, nikala tofaa."

"Mama, nakuomba!"

"Tukashuka New York. Mkwe wangu yuko pale, kaja tena baada ya kunikosa jana, rangi hana. Naona uso wake, najua. Hatukupita nyumbani. Hospitali moja kwa moja, na koti langu, na debe langu. Muuguzi akatusimamisha mlangoni akasema anaingia mmoja tu, mume au mama. Mkwe wangu, Mungu amzidishie, hajamaliza hata kusikia swali kashasema mama."

Nikamsikia shemeji huko nyuma anacheka.

 Kisha mama aliyekuwa akipiga kelele toka Amerika mpaka Al-Sulay, sauti ikashuka, nikalazimika kuziba sikio la pili.

"Nimemkuta kashika chuma cha kitanda, kafumba macho. Hakujua kama nimefika, ndege mlisema ya jana.  Mara akaita, 'Mama!' kama mtu anayemwita mtu asiyekuwepo. Nikamjibu. Nikamwambia, naam mwanangu, nipo. Akafumbua macho. Nipo, nikamwambia. Mwanangu, aliita mara moja tu."

 Karani hakutafsiri, akawa anatazama dari.

"Ni mtoto wa kike," akaendelea mama, sauti imemrudia. "Mkubwa, kama mpishi. Haya, zungumza na dada yako, upesi, mkwe wangu anahesabu."

Dada akaja kwenye simu, amechoka, anacheka. "Kaka, visheti vyangu nasikia mmewalisha Wazungu."

"Mimi simo! Muulize mama."

"Nimemuuliza. Kanambia nisilalamike, ndivyo vilivyomshikia nafasi."

Wakati huo mtoto akalia. Sauti nyembamba, kali, ikapita Atlantiki nzima na jangwa lote, ikatoka kwenye ile simu ya baba. Wanaume wale wote wa maghala, wenye mikono ya masinki, wakasogea kusikiliza. Baba akasema mashaallah, akatuma waletewe soda watu wote kwa hesabu yake. Mimi nilikuwa nalia, sikujificha, na fundi wa Kipakistani ananipiga mgongo kama anayetoa vumbi kwenye zulia.

Mama akairudia simu. "Haya, baba, mkwe wangu kapika wali, mbichi, lakini kajitahidi. Uji wa dada yako nimeutia pilipili manga yangu. Tunataka kula sasa."

"Kuleni, mama."

"Karibu," akasema.

Alisema kama alivyowaambia wapita njia wa Ghulail maisha yake yote, na jawabu lake nalijua tangu sijaota meno. Karani alinitazama, anangoja niseme. Nikaitazama ofisi, na masinki, na lori langu nje limesimama juani. Nikafikiria ile picha ya kioo, mkia huku, pua kule, na foleni ambayo hata debe tupu linaweza kuipanga.

"Nakuja, mama," nikamwambia. "Niwekee."